Lori la Mahindi Lililopanda Mlima

Machakos

Mama,

Shikamoo. Ulipoandika goti lilikuwa likikusumbua. Natumaini sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta. Mimi mzima na sijakonda, redio isikutishe.

Uliniuliza serikali inafanyia nini mfuko wake wa dharura, ikiwa kila siku mnasikia Ukambani kuna njaa. Hiyo ndiyo habari ambayo gazeti limenileta huku kuifuata, basi nikwambie nilichokiona. Sehemu kubwa inanunua mahindi na kukodisha malori ya kuyafikisha vijijini. Yanafika, yanaliwa, malori yanaitwa tena. Simiti hainunuliwi. Kwa sheria ya mfuko, simiti si dharura.

Mwezi uliopita nilifuata lori moja hadi kijiji karibu na Wamunyu. Wanawake wa hapo walikuwa wakijenga ukuta wa mawe kukata mto mkavu. Mvua ikinyesha, ukuta huzuia mchanga, na maji hubaki ndani ya mchanga huo hata mto ukikauka. Wanajenga kwa mwethya: kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, na hakuna anayelipwa. Simiti walichangiwa kanisani. Mawe yalikuwa mlimani, wakiyabeba mgongoni, na mawingu yalishaanza kukusanyika. Mvua ingeukuta ukuta umefika nusu, ingeubomoa na kuuteremsha udongo wao hadi mto Sabaki, huko unakoyaona maji mekundu.

Mwenyekiti wao, Mama Mwikali, alingoja gunia la mwisho lishushwe, kisha akamwendea D.O., afisa wa tarafa aliyesimamia ugawaji.

"Bwana D.O., hii lori sasa inaenda wapi?"

"Inarudi Machakos."

"Imebeba nini?"

"Imebeba dereva."

Wanawake wakacheka. "Huyo hawezi kujaza lori," akasema Mama Mwikali. "Wacha tumuongezee mawe."

"Mimi nililetwa kubeba mahindi!" dereva akapiga kelele.

"Na sahani yetu ya muthokoi si umeimaliza, kijana?"

D.O. hakucheka. Lori la njaa kubeba mawe kungeweza kumfukuzisha kazi. Akanigeukia. "Wewe wa gazeti, utaandika nini?"

"Nitaandika utakachofanya."

Akatazama mawingu. "Lori limekodishwa kutwa," akasema. "Na jua halijatua."

Likapanda mlima. Mama Mwikali akampa D.O. karai, nami akanipa langu. Kwenye mwethya hakuna mtazamaji. Mikono yangu bado ina malengelenge.

Habari ikatoka. D.O. aliitwa na wakubwa wake, nikadhani amekwisha. Wakamuuliza kama tarafa nyingine zinaweza kufanya vivyo hivyo. Mfuko bado haununui simiti, lakini lori sasa halirudi tupu.

Mvua imenyesha. Ukuta umesimama. Juzi Mama Mwikali alichimba mchanga kwa kibuyu tu, maji yakatoka.

Nisalimie kaka Omari fundi saa, shangazi wa Shela anayeniombea dua, na mdogo wangu Zuhura; mwambie nimeusoma mwandiko wake wote, hata alipofuta.

Ile mihogo mikavu usinitumie. Nitumie mbegu za bamia na mchicha. Si zangu, ni za Mama Mwikali. Tangu nifike huku kila mtu ananiuliza mahindi yatakuja lini. Huyu ni wa kwanza kuniomba mbegu.

Mwanao,
Athmani