Mkono wa Kushoto wa Tluway

Tluway, rafiki yangu,

Nimeandika jina lako kwanza nione kama mkono utakataa. Haukukataa. Mkono wangu haujawahi kukataa kitu, hilo unalijua kuliko mtu yeyote.

Leo ni Jumapili, bugi, lile dansi letu la mchana, limekwisha sasa hivi na jua bado lipo. Vijana wa Kansay wanapita mbele ya banda langu wakirudi kwao kwa miguu, wanapiga miluzi ya nyimbo zenu. Bendi yenu, Kreta Jazz, wamepata mpiga gitaa la solo mwingine, jamaa wa Dodoma, mwembamba, anatafuna kijiti cha kiberiti huku akipiga. Nikuambie bila kukubembeleza: anajua. Hakufikii, lakini nani anapima? Jumapili ya tatu tu baada ya wewe kuondolewa kwenye bendi walikuwa wanamshangilia kama walivyokushangilia wewe, na wale wasichana waliokuwa wakilia kwa ajili yako wakahamia upande wake. Kilichobaki chako ni ule mtindo wa vidole vitatu. Kila mwenye gitaa hapa Karatu, mpaka kwenye mashamba ya kahawa Oldeani, anakunja kidole cha mwisho akipiga, akidhani ni ufundi. Mzee Shabani, kiongozi wenu, akiwaona hugeuka pembeni na saksafoni yake. Mimi nawaangalia tu.

Unakumbuka tulivyokuwa tunafanya. Mwaka ule wa foleni za sukari rangi haikupatikana hata kwa kulia, na mimi, mtoto wa kibarua kutoka Singida, sikuwa na mjomba mwenye duka. Nikapaka kwa bluu ya kufulia, udongo mwekundu, masizi ya sufuria na chokaa. Kila Jumapili nilisimama kando ya drum na kipande cha mkaa, nawachora mkipiga, kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Mchoro uliotoka vizuri niliuhamishia kwenye kitambaa cha gunia la unga, ukawa bango la bugi linalofuata. Watu hawakusoma maandishi. Walitazama picha, wakaamua kama wataoga Jumapili au hawataoga.

Mlikuwa mnanicheka kwamba naanza na mikono. Lakini uso wa mpiga muziki humwongopea mchoraji, leo unacheka kwa sababu kuna watu. Mkono hauna nafasi ya kuongopa, una kazi.

Ndiyo maana nilijua kabla hujaniambia. Siku ile ulikuwa umekaa kwenye kreti langu na sigara, nikasikia harufu ya kuungua, nikadhani ni brashi. Kumbe ni wewe. Moto ulikuwa umefika kwenye ngozi, na wewe bado unanisimulia habari za Oldeani. Ukautazama mkono wako kama wa mtu mwingine. Ukasema, "Yona, kidole hiki hakinisikii tena. Usimwambie mtu." Nikaapa. Nikakuambia uende zahanati, ukasema nesi wa pale ni shemeji yake mpiga drum, ukienda asubuhi jioni bendi nzima itajua. Hatukulizungumza tena. Ukajifunza kupiga kwa vidole vitatu, watu wakasema Tluway ameleta staili mpya.

Sasa nifike pale.

Ile Jumapili ulininyang'anya karatasi kwapani, ukapanda nayo jukwaani, ukaishika mbele ya maikrofoni. "Jamani, huyu ni mimi au ni fisi aliyekula sabuni?" Ukumbi mzima ulicheka. Mama yangu aliyekuwa anauza maandazi mlangoni alicheka mpaka akaweka beseni chini. Hata mimi nilicheka. Ukashuka ukanipiga begani, ukasema utani tu ndugu yangu, na ulikuwa utani. Tena ule mchoro ulikuwa mbaya kweli, mdomo ulikuwa umekwenda upande. Hukukosea hata kidogo. Nimejaribu miezi yote hii kupata kosa lako nishikilie hilo, sijalipata.

Jumapili iliyofuata sikukutazama usoni hata mara moja. Kwa saa mbili nilichora mkono wa kushoto peke yake. Kidole cha mwisho kimekunjika kama ukucha wa kuku aliyelala. Lile baka jeupe kwenye mgongo wa kiganja, lisilo na laika. Mzee Shabani alipopuliza saksafoni wewe ulipumzika na sigara, ikaungua mpaka katikati ya vidole, nawe unacheka na watu. Nikachora hiyo sigara na moshi wa nyama. Nyumbani nikaongeza uso wako kwa kumbukumbu, ukatoka bila kasoro, mdomo umenyooka. Baka nililipaka kwa chokaa ili lionekane mbali. Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na bado ni hiyo.

Nilikuwa nimeapa nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu. Nilichora.

Nililitundika bango lile siku ya mnada, kwenye uzio wa miti ambapo ng'ombe wa Ngorongoro hupitishwa. Wengi walisema Tluway kapendeza. Kisha mzee mmoja kibarua wa kahawa, mtu wa kwetu Singida, akasimama. Akanyoosha kidole kwenye baka bila kuligusa. "Huyu ana ukoma," akasema, kwa sauti ya mtu anayesema leo mvua itanyesha. Watu wakasogea kutazama, halafu wakarudi nyuma. Mimi nilikuwa hatua tano hivi na nyundo mkononi. Wakanigeukia. Ningeweza kusema chokaa ilinimwagikia, na wangeniamini, maana nani asiyejua rangi zangu. Nilisema, "Mimi nachora ninachokiona."

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe, ila sijui kama uliliona gitaa. Vyombo ni vya bendi, kwa hiyo walilipangusa kwa mafuta ya taa wakalianika juani kutwa nzima. Jumapili ulikuja na lile shati lako la kola pana. Mlinzi hakujua atakuzuia vipi bila kukugusa, akatumia fimbo, akakuwekea kifuani kama anavyozuiwa ndama. Ukatazama juu ya vichwa vya watu mpaka kwenye kona yangu. Hukuonyesha hasira. Ulinyanyua mkono ule ule, ukaushika hewani kidogo. Nikainamisha uso nikajifanya nachonga mkaa.

Ndugu zako wa Endamarariek walikujengea kijumba chini ya shamba, na sahani yako, na kikombe chako. Nilikuja mara moja. Nilifika kwenye mbaazi nikakusikia unapiga kigitaa cha debe, vidole vitatu, wimbo ule wa kufungulia bugi. Nikasikiliza mpaka ukaisha. Nikarudi zangu. Ndiyo, mguu uliousikia jioni ile ukauliza nani pale, ulikuwa wangu.

Halafu ukaipua sufuria ya uji kwa mkono usiosikia. Kidonda, kisha pepopunda, taya kukaza, kisha habari ya kifo chako ikaletwa na basi la asubuhi. Mazishini mtu mmoja alisema mficha maradhi kifo humuumbua, na watu wakatikisa vichwa, na mimi nikatikisa. Lakini wewe hukuficha. Uliniambia mimi. Baadaye mganga wa zahanati alinieleza kwa upole kwamba vidonge vilikuwepo, kwamba ungevimeza huku unapiga muziki na pengine kidole tu ndicho kingekukatalia. Ningependa angenitukana.

Sasa kilichonifanya niandike. Mama yako aliagiza kwamba anakuja, anataka sura ya mwanawe aiweke ndani. Hukuwahi kwenda kwa mpiga picha hata siku moja. Ulikuwa unajigamba kwamba una Yona. Michoro mingine niliwapa wenye maduka, wakaifungia vitu. Lililobaki ni lile bango tu, nililolitoa mnadani na kulikunja chini ya meza, si kwa sababu ya aibu, bali kwa sababu lilikuwa zuri mno kulitupa.

Nilikuwa na siku tatu. Nikaufuta mkono wako. Nikapaka chokaa juu ya masizi, nikachora mwingine: kidole kimenyooka kwenye uzi, ngozi moja, sigara hakuna. Niliukeshea mkono ule. Nilijiambia namfanyia mama wema, na moyoni nikawa nasubiri anishukuru. Ujue nilivyo.

Alikuja jana mchana, akakaa kwenye kreti lile lako. Nikalifungua bango. Aliutazama uso muda mrefu, akaugusa. Kisha akashuka mpaka kwenye mkono. Nikasema, mama, nimeutengeneza.

"Mkono wake nimeuosha mimi," akasema. "Ule uliotundika mnadani niliuona. Ule ulikuwa wake. Huu ni wako."

Akaniomba mkasi. Nilimpa mwenyewe, sikujua ni wa nini. Akakata kitambaa kuanzia begani, taratibu, kama anayekata nguo ya mtoto, akaukunja uso wako akautia kwenye kikapu. Kipande cha mkono akakiweka magotini mwangu. Hakunitukana wala hakuniaga. Nilimsindikiza mpaka kituoni, hatua chache nyuma yake, na hakugeuka.

Nilikitundika ukutani kwa sababu sikujua pa kukiweka. Leo asubuhi, baada ya ibada, mama mmoja wa hoteli ya chai alikuja kuagiza kibao. Akakitazama akasema, mkono mzuri huo, wa nani? Nikasema nimebuni tu. Hata jogoo hakuwika, Tluway. Ilikuwa rahisi hivyo.

Basi pumzika, rafiki yangu. Sikuombi unisamehe, maana najua ungekubali, halafu ungenipiga begani. Ninachokuahidi ni hiki. Nikimaliza barua hii nachukua kisu nikwangue chokaa, nina hakika masizi ya kwanza bado yapo chini yake. Kidole kitakunjika tena. Baka litarudi, na sigara yako. Kesho yule mama anarudi kuchukua kibao chake na atauliza, kwa sababu atakuta mkono umebadilika. Safari hii sitachora. Nitamwambia kwa mdomo ni mkono wa nani, na ni nani aliyeuanika.

Ni mimi,
Yona