Waya Aliouchoma Mama

Yaya Fiston, kaka yangu wa tumbo moja,

Simu yako haiiti. Basi naandika hapa, mahali ambapo mtu yeyote wa Kolwezi anaweza kusoma na kukuambia kwamba mdogo wako anakutafuta, tena ana hasira.

Unakumbuka sumaku uliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu ya baba? Ulinipangia mezani msumari, sindano, mfuniko wa sufuria na kipande cha shaba. "Sema kwanza, kisha tujaribu," ndiyo ilikuwa sheria yako. Msumari ukaruka, sindano ikaruka, mfuniko ukakaa kimya. Kwa shaba nikaapa mbele ya mama kwamba itavutwa. Kolwezi nzima inavutwa na shaba, sumaku ni nani ijidai? Haikutikisika hata kidogo. Ulicheka mpaka ukashika mbavu, nami nilinuna hadi jioni.

Halafu ukaleta waya mwembamba wa mota ya feni iliyoungua, ule wenye rangi ya kahawia, tuuzungushe kwenye msumari. Uliuacha uani ukaenda kutafuta betri za tochi. Mama alipouona akafanya kile anachofanya kila mtu hapa kwetu akiona waya wa shaba: akautia kwenye makaa ya moto, kisha akausugua kwa mchanga mpaka ukang'aa. Tukauzungusha kwa uangalifu, tukaunga betri. Lo! Waya ukapata moto, betri ikapata moto, na hakuna pini hata moja iliyonyanyuka.

"Mama, umechoma koti yake!" ulilalamika.

"Koti gani tena? Waya inavaaka koti?"

"Ile rangi, mama. Ukiitosha na moto, umeme haizunguke tena msumari, inakata njia."

"Kumbe! Na mi nilikusafishia bure!"

Ulitafuta waya mwingine, ukakwangua ncha zake mbili tu. Safari hiyo pini zilirundikana kwenye msumari, na ulipotoa waya kwenye betri zikaanguka zote mezani. Mama akakuomba urudie, ukarudia, akakuomba tena. Nilijivunia sana kuwa mdogo wako siku ile.

Kisha karakana ulimokuwa unatengeneza mota ilifungwa, ukaenda mgodi wa Mashamba kuchimba pamoja na vijana wengine. Mvua zilipoanza, shimo liliporomoka. Walitolewa wengine, wewe hukuwamo. Hakuna aliyekuona ukiingia asubuhi ile. Rafiki yako mmoja anasema ulikuwa umeondoka kwenda Sandoa kununua mahindi. Mwingine nilipomuuliza aliangalia viatu vyake tu.

Baba mdogo anataka tufanye matanga Jumamosi. Mama amesema hatakubali mpaka mimi nikubali, kwa sababu tumebaki wawili. Nimekataa na kukataa. Kanisani mtu alikuita marehemu, nikamfokea mpaka kwaya ikanyamaza. Nakuogopea, Yaya, na nakukasirikia, na sijui nianze na lipi.

Juzi nilikuwa namwonyesha binti yangu Naomi msumari na waya, kama ulivyonionyesha. Mama akaja kuketi nasi, akaushika waya akauliza, "Hii tusichome, eh?" Tulicheka wote watatu. Kicheko chake kikageuka kilio, akanishika mkono.

"Mi nimechoka kungojea, mwanangu. Uniache nilie mutoto wangu."

Mama amekonda, hali chakula vizuri, kila mtu akibisha hodi anainuka haraka, kisha anakaa tena. Leo asubuhi nimemwambia ndiyo.

Basi sikia. Jumamosi watu watajaa uani kwetu, watapika bukari, ugali wetu, wataimba. Kama uko Sandoa na miguu yako ni mizima, njoo. Ingia katikati ya matanga yako mwenyewe, wa kukimbia wakimbie. Nitakuzaba kofi mbele ya baba mdogo na wazee wote wa kanisa, kisha nitakupakulia chakula kwa mkono huohuo.

Usipokuja, Yaya, Jumapili nitaanza kujifunza kutaja jina lako na lile neno la kanisani likiwa mbele yake.

Mdogo wako