Rangi ya Jicho la Kushoto

Jumamosi, 5 Aprili
Asubuhi: mvua tangu kabla ya kucha, nyembamba, ya kukaa. Upepo hakuna.

Mama, shikamoo.

Natumai hujambo, na mdogo wangu hajambo, na kile kifua chako kimeachia. Mimi mzima, ila viatu vimelowa hata nimevijaza magazeti. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasema "tuko salama" halafu unakata, na haya si ya dakika moja. Barua nitampa dereva wa basi la Jumapili.

Leo ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nikaenda mji wa jirani kwa fundi wa macho ya bandia. Najua ulinikataza. Ulisema kiwanda kimenileta nchi hii kujifunza mashine mpya ya kuchapa, si kutafuta jicho, na kwamba mtu mwenye miwani nyeusi anaishi kama watu wengine. Lakini tangu jicho lako la kioo lilipokuponyoka kwenye sinki likapasuka, miezi mitano sasa hujavuka mlango wetu. Kibanda cha vifungo na nyuzi umemwachia mdogo wangu. Wageni wakija unajifanya umelala. Watu wengine hawaishi hivyo, mama. Ndiyo maana niliondoka na ile kalibu ya plasta ya tundu la jicho aliyokutolea daktari, nikaificha kwenye soksi ili usiniulize.

Basi lilikuwa linavuja juu ya kiti changu tu, kama lilinijua. Nilipoteremka, barabara zilikuwa mito. Nikajibanza chini ya turubai la muuza miavuli, nikamuuliza njia. Akasema nipande mtaa wa mafundi saa, na nikiona dirisha linanitazama, nimefika. Nikadhani ananitania. Kumbe kweli: dirishani mwa fundi kuna sahani ya macho, yote yanatazama barabarani.

Fundi ni mfupi, mwenye aproni inayofika viatuni, na huimba puani akifanya kazi. Aliigeuza kalibu, akasema daktari wetu anajua alichofanya. Umbo si tabu, atalitengeneza kwa plastiki ngumu isiyopasuka. Shida ni rangi. Huipaka kwa mkono, kwa brashi ndogo kama kope, na hapaki chini ya taa. Nikacheka, nikamweleza kwamba mama yangu naye haamui rangi ndani; mteja akileta kitambaa humtoa nje na uzi wake mpaka juani. Akasema wewe na yeye mngeelewana. Basi tukakaa tukingoja mawingu, yeye na chai yake, mimi na soksi zangu mbichi.

Mchana mawingu yakaachia kidogo. Akanyanyua brashi.

"Haya. Jicho lake zima, la kushoto, likoje?"

Nikasema hudhurungi.

"Hudhurungi ya nini?"

Mama, mimi kazi yangu ni kuchanganya wino. Najua hudhurungi ya gunia na ya chai na ya kutu. Yako siijui. Tangu utotoni ulitufundisha tusikutazame machoni, tusije tukaonekana tunalikodolea lile la kioo. Miaka yote nimekuwa nikizungumza na kilemba chako. Vilemba vyako navijua vyote.

Nikamwomba anakili langu, maana watu husema tumefanana. Akanivuta dirishani, akanishika kidevu, akatazama. Akasema anaweza, lakini litakuwa jicho langu kwenye uso wako. Watu watahisi kuna kitu, hawatajua nini. Picha ya simu hakuitaka, nami namuunga mkono, kila simu ina rangi zake.

Kwa hiyo nakuomba. Toka nje mchana, bila miwani, mdogo wangu akutazame jicho aniandikie lilivyo: pembeni, katikati, karibu na mboni. Fundi atamaliza umbo na kuliweka jeupe. Nitarudi kwake Jumamosi ya tarehe 17 Mei. Kesho yake mafunzo yamekwisha na ninapanda basi la nyumbani.

Mwanao


Jumanne, 15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Kifua kimeachia, asante kwa kuuliza. Kausha viatu vyako kwa kivuli, usivikaushe kwa moto, vitakatika.

Kumbe kalibu iliondoka na soksi, na mimi namsingizia paka.

Mwambie fundi wako apake hudhurungi, yamalizike. Nusu ya watu duniani wana macho ya hudhurungi na hakuna aliyeulizwa ya nini. Mimi si kitambaa cha mteja cha kutolewa juani na kugeuzwageuzwa. Na mdogo wako simwagizi kazi hiyo. Kila nikimgeukia anatazama kilemba, kama ulivyosema. Niliwafundisha vizuri kuliko nilivyotaka.

Unasema sijavuka mlango. Niliuvuka mara moja, wewe ulikuwa kazini. Nilikwenda kwa muuza mkate, nimejifunga kitambaa usoni. Ananijua tangu hujazaliwa. Siku hiyo aliniongelea taratibu, neno moja moja, kwa sauti ya juu, kama vile kilichopasuka ni akili. Chenji akanihesabia mkononi kama mtoto. Nikarudi, nikafunga mlango, na nimeona ndani kunanitosha.

Njoo na jicho la hudhurungi au njoo bila jicho. Ila njoo mzima.

Mama yako


Jumatatu, 21 Aprili
Asubuhi: mawingu mazito, mvua saa nne.

Mama, shikamoo.

Nimefurahi mko wazima. Viatu nimevianika kivulini.

Habari ya muuza mkate sikuijua. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara nimetamani ningekuwepo nimjibu. Lakini ndiyo maana sitampa fundi jibu la kubuni. Ukienda mbele ya mtu yule na jicho ambalo si lako, atakuongelea taratibu zaidi.

Nikuulize swali la kibandani. Mteja akija na gauni mkononi akasema, "Nipe uzi wa hudhurungi, wowote tu," unamfanyaje? Nimekuona. Unamwambia aende kwa wanaouza wowote tu. Mwanamke mmoja ulimrudisha nyumbani kwenye jua kali akalete kitambaa chenyewe, akakutukana njia nzima, na mwaka mzima baadaye hanunui kwa mwingine. Uzi wa mtu usiyemjua ulistahili kutolewa nje, jicho lako halistahili?

Sitapaka hudhurungi yoyote. Ukinyamaza, tarehe 17 nitakwenda nimwambie fundi hivyo hivyo, na nitarudi na jicho jeupe ndani ya kikopo, nikuwekee mezani. Nimerithi ubishi kwako, usinilaumu.

Mwanao


Jumapili, 4 Mei
Asubuhi: manyunyu. Hakukuwa na jua siku nzima.

Mama, shikamoo.

Mabasi mawili yamekuja, na mara zote mbili nimekwenda stendi. Dereva akiniona sasa ananipungia mkono kutoka mbali kwamba hakuna. Wenzangu wa bwenini wanadhani nina mchumba anayenitesa.

Jana nilipiga simu. Mdogo wangu akapokea akasema hupo. Nikamwambia acha utani, mpe mama simu. Akasema, "Mama hayupo nyumbani, dada, ametoka tangu asubuhi." Nikauliza ametoka kwenda wapi, simu ikakatika, na kila nikipiga haipatikani.

Uko hospitali? Kama ni kifua, niambieni. Mafunzo nayaacha leo hii.

Mwanao


Jumanne, 6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Kaa umalize mafunzo yako.

Barua yako ya swali la kibandani ilinikera siku tatu. Siku ya nne nikachukua kioo nikaenda uani. Nikagundua jambo: jicho moja haliwezi kujitazama na kutazama uzi kwa wakati mmoja. Ukilipeleka kwenye uzi, umeshasahau ulichokiona kiooni. Nikahangaika hapo mpaka shingo ikauma. Nikaona hapa pana haja ya mtu mwingine na nyuzi zote, na nyuzi ziko sokoni.

Jumamosi nikatoka na mdogo wako alfajiri, nikajua nitamaliza kabla watu hawajaja. Nikakosea hesabu, maana jua nalo lilikuwa halijaja. Lilipokuja lilikuja na wateja. Nikasema basi. Nikatoa kigoda mbele ya kibanda, nikavua miwani.

Wa kwanza kufika ni Soli, yule muuza viatu wa mkabala. Aliniangalia usoni moja kwa moja, na kope zilizolala na kila kitu, akasema, "Bi Vifungo, tulidhani umehama bila kutuaga." Nikamwambia sina muda wa porojo, nitafutie rangi ya jicho hili. Akainama, akasema ni kahawa isiyo na maziwa. Fundi cherehani wa jirani akaacha mashine yake kuja kusema Soli haoni, hiyo ni rangi ya mbegu ya ukwaju. Wakaanza kubishana juu ya uso wangu kama mimi sipo. Kila anayepita anashika kidevu changu, ananigeuza juani, anaweka uzi shavuni. Nimewageuzia watu vitambaa miaka yote hii, sikujua kitambaa kinajisikiaje.

Muuza mkate naye akapita. Akaanza: "Ma-ma. Ha-li. Ya-ko." Soli akamwambia, "Sema kawaida, bwana, masikio anayo yote mawili." Watu wakacheka mpaka yeye akacheka. Mimi nilicheka mwisho, lakini nilicheka.

Nyuzi nimezibandika chini ya barua hii. Rangi ya kwanza, karibu na mboni, ni ile ya mbegu ya ukwaju. Ya pili ni kahawa ya Soli. Wote wawili walikuwa na haki, kila mmoja sehemu yake. Ya tatu, nyekundunyekundu, ni mikwaruzo michache upande wa pua. Mpaka hapo nikadhani tumemaliza. Mdogo wako, niliyemtuma nyumbani kuchukua kioo (ndiko ulikompata kwa simu), akarudi, akaja mbele yangu, akanitazama jichoni mpaka mimi ndiye niliyetaka kukwepa. Akachomoa uzi wa kijivu. "Na huu, mama. Unazunguka pembeni kote."

Nikamnyang'anya kioo. Kweli upo. Sijui ulianza lini. Lile la kioo halikuwa nao, lilibaki msichana peke yake. Nikakasirika kidogo, halafu nikasema ubandikwe. Fundi wako asiuache. Umri huu nimeufikia kwa miguu yangu.

Miwani ameichukua Soli, anasema inampendeza. Haimpendezi. Jana na leo nimefungua kibanda mwenyewe.

Mama yako


Jumamosi, 17 Mei
Asubuhi: mvua kubwa, matone mazito. Mawingu chini kabisa.

Mama, shikamoo.

Barua hii nitaibeba mwenyewe, maana kesho napanda basi lile lile ambalo lingeileta. Lakini nimezoea kukuandikia, na kuna mengine nitashindwa kuyasema nikiwa mbele yako.

Nilifika kwa fundi nimelowa chapachapa, nyuzi zako zimekauka ndani ya nailoni, kifuani. Akazitandaza mezani, akaacha kuimba. Akasema watu humletea maneno, picha, hata mashairi, hajawahi kuletewa kitu kama hiki. Kisha akatazama dirisha, akatikisa kichwa. Giza tupu. Nije wiki ijayo. Nikamwambia wiki ijayo mimi sipo nchi hii. Akasema basi tungoje. Tukangoja hadi saa saba mchana na mvua ndiyo kwanza inaongeza.

Nikatazama chini barabarani. Lile turubai la muuza miavuli liko wazi pande tatu, na chini yake kulikuwa na mwanga kuliko chumbani. Nikamwambia fundi tushuke. Akasema hajapaka jicho barabarani tangu azaliwe. Nikasema mama yangu hakuwahi kubandikwa nyuzi usoni sokoni tangu azaliwe, na alikaa. Alinitazama, akavua aproni, akazifunga rangi zake ndani yake.

Tukashusha meza, yeye mbele, mimi nyuma. Muuza miavuli akalalamika kwamba tunamzibia biashara siku pekee ya biashara. Alipojua ni nini tunafanya, akafungua mwavuli mkubwa kuliko yote, akausimamisha upande unaopiga matone, na kila mteja akamweleza habari zako. Mji ule mzima sasa unajua una macho ya mbegu ya ukwaju.

Fundi alipaka uzi kwa uzi. Alipofika wa kijivu akasimamisha brashi. Akaniambia kwa upole kwamba wateja wengi humwomba auache huo. Jicho likiwa jipya wanataka liwe la kijana. Akasema yeye angeuacha, ni zawadi.

"Uweke," nikasema. "Umri wake ameufikia kwa miguu yake."

Akauweka. Mzunguko mwembamba, mkono wake hautikisiki. Ndipo jicho lilipoacha kuwa kitu cha kupakwa, likawa la mtu. Fundi naye aliliona hilo, maana alianza kuimba tena. Akarudi juu kulifunika kwa utando wake wa mwisho na kulipasha moto, nikapata basi la mwisho.

Sasa niko chumbani, begi limefungwa. Jicho liko mezani kwenye kikopo chake, juu ya pamba. Nimelitazama, mama, bila kukwepa. Upande wa pua kuna ile mikwaruzo myekundu. Juu, uzi wa Soli unaingia kidogo kwenye ule wa fundi cherehani. Nimekutazama leo kuliko nilivyokutazama maisha yangu yote, na wewe hupo. Basi likichelewa usiningojee mlangoni, kaa kibandani. Nitakuja huko huko, nisimame mbele yako kama wateja.

Mwanao

Jumapili asubuhi. Mvua imekata, madimbwi tu. Kwa ajili ya kumbukumbu: jana nilizima taa saa tano, nikaiwasha tena kulitazama, nikazima, nikawasha. Nililala saa saba kasoro robo.