Mwisho Alioukata Baba

Jumapili, 12 Januari 2025

Siku ya kumi tangu Baba atoke hospitali. Ana maneno mawili tu: "bas" na "la". Bas ya chai, bas ya mto kumbana shingo, bas ya kuchoka na mimi. Upande wa kulia umelegea, mdomo umekwenda pembeni kidogo. Macho ni yale yale. Ananitazama kama anayetaka kunisahihisha.

Ndugu yangu Saud kapiga simu kutoka Sur, pwani ya Oman, baada ya Asri. Siku hizi hasalimii sana. Kasema katayarisha chumba cha chini, kaajiri muuguzi, na Ijumaa ya tarehe 31 atakuja kumchukua Baba. Nikamwambia Saud kwamba Baba kaishi hapa Ibra zaidi ya miaka hamsini, atakwenda kukaa na nani huko. Kaniuliza: akianguka tena nami niko skuli, nani atamnyanyua?

Mara ile ya kiharusi, Desemba, mimi nilikuwa darasani nafundisha ramani. Hadiya, dada wa Tanga anayetusaidia hapa nyumbani, alikaa naye sakafuni nusu saa kamshika mkono mpaka gari ya wagonjwa ikaja.

Nikasema basi tumuulize Baba mwenyewe.

"Atajibu nini, Mazoon? La?"

Halafu akaaga haraka. Nadhani alijuta.

Jumatatu, 13 Januari

Tumempeleka kwa Ahlam, binti anayemfundisha kusema tena. Mdogo kuliko wanafunzi wangu wa zamani, lakini ana subira ya ajabu. Kaniuliza Baba alikuwa akicheka kwa lugha gani. Sijawahi kuulizwa swali kama hilo. Nikafikiri. Serikalini Kiarabu, sokoni Kiarabu, na sisi watoto Kiarabu tulipokosea. Kucheka – Kiswahili. Kasema bas, kwa sasa zungumzeni Kiswahili, na msimpe neno kabla hajalitafuta.

Jumatano, 15 Januari

Leo imetokea kitu.

Hadiya alikuwa akitafuta tamthilia yake kwenye televisheni ya majlis, chumba chetu cha wageni, kidole kikateleza, ikafunguka filamu ya Kimarekani ya zamani, nyeusi na nyeupe, farasi na vumbi. Akataka kuifunga. Baba kainua mkono wa kushoto. Ikaachwa. Kaitazama saa nzima na nusu bila kusinzia, naye husinzia hata kwenye taarifa ya habari.

Katikati ya filamu picha ikaruka kidogo. Baba kasema: "Rili."

Hadiya hakuelewa. Mimi nilielewa, nikalazimika kwenda jikoni kidogo.

Baba alikuwa opareta wa sinema Unguja. Alianza na umri wa miaka kumi na saba, kwenye kile chumba cha juu chenye joto, akibadilisha marili, yale magurudumu ya filamu, kwenye mashine. Hatuzungumzii sana. Alipofika Oman akawa mtu wa mafaili wizarani, na watu wa mafaili hawasimulii sinema. Marehemu Mama ndiye aliyenambia.

Ijumaa, 17 Januari

Filamu ya pili, ya tatu. Majlis yetu imekuwa sinema. Hadiya na mimi tunabishana makusudi ili Baba aingie.

Hadiya hazipendi filamu. Anapenda mifululizo ya televisheni. Alipokuwa mdogo kulikuwa na mmoja wa Kimarekani, familia yenye duka la mikate karibu na stesheni, na watu wa kwao wakienda kuutazama kwa jirani kila Jumamosi. Anakumbuka majina ya watoto wote watano. Mimi nikatetea ule wetu wa jaji mwenye mbwa, ulioletwa na maandishi ya Kiarabu chini. Saud na mimi tulikuwa tukigombana nani akae karibu na skrini.

Hadiya kasema, "Kwenye mfululizo, Bi Mazoon, mtu unamkuta tena wiki ijayo. Filamu ikiisha, watu wako wamekwisha."

Baba kasema, "La." Kisha, polepole, kwa kuumia: "Wanabaki."

Baadaye shujaa alipigana na watu sita juu ya paa. Hadiya kauliza kwa nini kofia haimdondoki.

"Gundi," kasema Baba.

Kacheka. Upande mmoja wa uso tu, lakini kacheka kwa sauti. Tangu Desemba sijaisikia.

Jumapili, 19 Januari

Nimemwambia Saud: maneno tisa. Nimeyaandika na tarehe zake. Kasema anafurahi, wallahi, lakini maneno tisa hayamnyanyui mtu sakafuni. Tarehe haibadiliki.

Nilimkasirikia. Halafu nikakumbuka usiku wa hospitali, yeye ndiye aliyesimama mlangoni mpaka alfajiri, hawezi kuingia, hawezi kuondoka.

Jumanne, 21 Januari

Nimempigia Ami Majid, anayekaa mji wa Manah, rafiki wa Baba tangu utotoni. Enzi za Unguja yeye alikuwa chini kwenye mabenchi ya bei rahisi, Baba juu kwenye mashine. Nikamuuliza filamu gani Baba ataifurahia zaidi. Hata hakufikiri.

"Mama Pantoni."

Si jina lake, bila shaka. Kasema filamu zote walizipa majina yao wenyewe, ya Kizungu yalikuwa marefu. Mjane wa Kimarekani ana pantoni ya kamba mtoni, na mwizi wa farasi anaomba avushwe, mkuu wa polisi yuko nyuma yake. Mwisho anavuka. Anasimama ng'ambo na kuipunga kofia yake. Ami Majid anasema sinema nzima ilipiga makofi, watu wazima walilia.

Nimetafuta mtandaoni jioni nzima. Mto, mjane, kamba, farasi. Nimeipata.

Sijaitazama. Ami Majid kasema tusiitazame bila yeye. Anakuja Ijumaa.

Ijumaa, 24 Januari

Nitaandika polepole nisikosee.

Ami Majid kafika baada ya sala, na binti yake Rumaitha aliyemwendesha. Miaka themanini na tatu na bado ananukia udi kama bwana harusi. Nimempa shikamoo, kanishika kichwa. Yeye na Baba walikaa mikono imeshikana. Kahawa, halwa. Hadiya kafunga mapazia.

Filamu nzuri kuliko nilivyotarajia. Yule mjane hatabasamu hata mara moja. Katikati ya hadithi mwizi anavuka mara ya kwanza, anafika ng'ambo, anageuka na kuipunga kofia. Ami Majid kanigonga goti – unaona? Lakini anarudi, kwa sababu ya farasi wake. Mwisho mkono wake umejeruhiwa, na mjane anakubali kumvusha tena. Wako katikati ya mto. Mkuu wa polisi ukingoni anapiga risasi moja. Mwizi anaanguka. Mjane anaigeuza pantoni, anarudi na maiti. Mwisho.

Ami Majid kasimama.

"Siyo hii. Hii wameibadilisha."

Nikasema pengine kuna mbili. Kasema hakuna mbili, kaiona mara nne, mtu alivuka, Khalaf, yaani Baba, shahidi. "Khalaf, waambie."

Baba alikuwa akitetemeka. Nikadhani kiharusi kimerudi. Nikainuka, kanizuia kwa mkono.

"Mimi," kasema. "Nilikata. Mkasi. Mimi."

Ami Majid kauliza nani alimwamrisha, serikali, meneja?

"Hakuna."

"Kwa nini, Khalaf?"

Ilichukua muda mrefu. Nilijua nisimsaidie.

"Maiti... mitaani. Uchaguzi. Watu wanalia. Nikasema... bas. Mmoja... avuke."

Mwaka 1961, zile fujo za uchaguzi Unguja. Sinema ikafungwa. Ilipofunguliwa, Baba, kijana wa miaka ishirini, kaichukua ile picha ya kofia katikati ya filamu, kaitia mwishoni, na risasi kaitupa. Nimeyapata haya neno moja moja, kwa kuuliza na yeye kuitikia kwa kichwa.

Nilidhani Ami Majid atacheka. Kakaa chini.

"Kaltham aliiona kabla ya fujo," kasema. "Onyesho la wanawake, Jumapili. Aliniambia mtu kafa. Tangu tuoane. Miaka arubaini na nane nikimwambia, wewe ulilala. Mbele ya watu. Mbele ya watoto. Mpaka akaacha kusema."

Bi Kaltham, mkewe, kafariki mwaka juzi.

Rumaitha kamshika baba yake mkono. Wakaondoka. Kahawa yake ya pili ilibaki kwenye kikombe.

Jumapili, 26 Januari

Baba hasemi. Hata bas. Nimefungua televisheni, kageuza uso ukutani.

Mimi ndiye niliyeitafuta ile filamu. Mimi ndiye niliyemwita Ami Majid.

Hadiya kanambia nisijilaumu. Kasema Babu, ndivyo anavyomwita Baba, kasema sentensi nzima siku ile, sentensi ya kweli, na mtu hanyamazi hivi ila ana la kusema. Mambo ya Hadiya. Lakini nimeyashika.

Jumanne, 28 Januari

Simu ya Ami Majid inalia tu. Nimempata Rumaitha. Anasema yu mzima, anakula. Anakaa chumbani kwa marehemu mama yake na mlango wazi. Hajamkasirikia Baba, anasema. Kajikasirikia mwenyewe.

Nimemweleza Baba hivyo hivyo, sikuficha. Kafumba macho. Nikadhani kalala. Baada ya dakika nyingi kasema neno moja, sikulisikia vizuri. Nikamwomba arudie. Hakurudia.

Alkhamisi, 30 Januari

Saud kesho. Nimepanga nguo za Baba kwenye sanduku, dawa kwenye mfuko, karatasi za Ahlam juu. Hadiya kapiga pasi kanzu zote sita, hata zisizohitaji.

Nimefikiri sana. Kama kweli Sur kuna salama zaidi, mimi ni nani wa kukataa? Ninachotaka ni aulizwe. Tu. Aulizwe na angojewe jibu.

Ijumaa, 31 Januari – Manah

Naandikia huku, uani kwa Ami Majid, kwenye daftari la skuli.

Saud kafika saa tatu asubuhi. Kanikumbatia, jambo lisilo la kawaida. Kapeleka sanduku garini mwenyewe. Tukamkalisha Baba kiti cha mbele, mimi na Hadiya tukapanda nyuma kumsindikiza. Saud akawasha gari, akasema, kwa sauti ile watu wanayotumia kwa wagonjwa, kwamba kabla ya Maghrib watakuwa Sur inshaallah.

"Manah," kasema Baba.

Saud kanitazama kwenye kioo. Kanambia kachanganyikiwa.

"Manah. Majid. Kwanza." Na kaushika mkanda wa kiti asije akafungwa.

Hapo nikajua lile neno la Jumanne lilikuwa Manah. Nikamwambia Saud kisa chote, tumesimama hapo hapo getini, injini inaunguruma: chumba cha joto, mkasi, Bi Kaltham. Sikujua kama ataelewa. Kumbe hajui hata kwamba Baba alikuwa opareta. Mama alinambia mimi tu. Kasikiliza, kashika usukani kwa mikono miwili. Kisha kageuza gari njia ya Sinaw, ya kwenda Manah. Kasema saa moja tu, tusikae.

Njia nzima Hadiya kamshikia Baba bega kila kona.

Ami Majid katufungulia mwenyewe. Kachakaa ndani ya wiki moja. Baba alikuwa na maneno tayari, nadhani alikuwa akiyatayarisha tangu Jumapili.

"Nisamehe. Majid."

"Kwa lipi? Mimi ndiye niliyekataa kumsikiliza Kaltham."

Kamwekea mto, kakaa mbele yake, magoti yanagusana.

"Sikiliza, Khalaf. Kwa nini ulikata nimeshaelewa. Mwisho wako niliupenda na bado naupenda. Lakini mke wangu aliona kitu na mimi sikumwacha akisimulie. Ile ya Ijumaa niliitazama kwa hasira, sikuona kitu. Nieleze wewe. Uliiona kutoka juu. Nieleze alichokiona yeye, tangu wanapanda pantoni."

Nikataka kusema ni maneno mengi mno.

Baba kaanza. Maji. Kamba. Mjane kavaa nyeusi. Kila neno analiendea mbali na kurudi nalo. Mengine yanakuja ya Kiarabu, anayatupa, anatafuta mengine. Jasho linamtoka. Rumaitha kaleta maji, hakunywa. Wamefika katikati ya mto. Risasi kaisema kwa kugonga goti.

Saud alikuwa kasimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Mara mbili kaitazama saa. Mara ya tatu kavua viatu. Sasa kakaa ukingoni mwa mkeka, funguo kaziweka chini, na anamtazama Baba mdomoni.

"Mwanamke," anasema Baba, "mwanamke kage... kage..."

Limekwama. Hadiya kafumba macho. Ami Majid hapepesi jicho. Ni mimi peke yangu niliyeangalia pembeni, na nikasikia sauti ya Saud, ya chini, ya Kiswahili, lugha ambayo hajaisema naye tangu tulipokuwa wadogo.

"Kageuza nini, Baba?"

Kamuuliza yeye, si mimi. Na anangoja jibu –