King'ora Hakikulia

Ndugu yangu, leo nimetoka kwa daktari. Usicheke.

Yale malengelenge ya ubavuni ni mkanda wa jeshi. Si sabuni. Na wiki nzima nimemgombeza mke wangu kwa ajili ya sabuni aliyonunua!

Eti ni kirusi kilekile cha tetekuwanga ya utotoni. Kikiingia kwenye seli kinazima kwanza king'ora cha mwili, walinzi wanachelewa kuamka, chenyewe kinajificha kwenye neva. Miaka thelathini kimelala humo. Thelathini!

Daktari akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia: fundi wa ving'ora vya wezi.

Daktari alijikaza asicheke. Mke wangu, aliyenisindikiza, hakujikaza.

Tumefika nyumbani, ameniwekea bafuni sabuni ileile, kipande kipya. Nimeoga nayo.