Vyungu Vitano na Kimoja cha Moto

Jumamosi, Mbuba, nyumbani kwa Mama. Mvua imeanza kabla ya saa nane mchana na bado haijachoka. Bati linapiga kelele kiasi kwamba mtu akilia chumba cha pili humsikii, na mimi nafasi hiyo nimeitumia vizuri.

Niandike haraka kabla sijaanza kujitetea.

Mnaonisoma siku nyingi mnajua kwamba nauza kwenye duka la dawa Biharamulo, na Jumapili nafinyanga vyungu. Ufinyanzi nilifundishwa na Bibi, mama yake Mama. Bibi alikimbia Burundi akafika hapa Mbuba na mtoto mmoja mgongoni, hana hata sufuria. Mtoto huyo ndiye Mama. Bibi akatafuta udongo bondeni, akafinyanga cha kupikia, na hivyo ndivyo nyumba hii ilivyoanza.

Kila mwaka kabla ya Pasaka nawatengenezea watu wangu vyungu vya zawadi, kila mtu na chake. Mwaka huu vilikuwa vitano: cha Mama, cha mume wangu, cha binti yangu, cha kaka yangu Dismas aliyeko Kanada, na cha mkewe. Halafu cha sita.

Cha sita ni desturi ya Bibi. Alihesabu watu wa nyumba, akaongeza kimoja. Nilipokuwa mdogo nikimuuliza hicho ni cha nani, alisema ni cha moto, maana moto lazima uchukue chake. Nikaelewa kwamba ni cha akiba, kimoja kikipasuka wakati wa kuchoma. Lakini kuna miaka vyote vilitoka salama na Bibi hakumpa mtu yeyote kile cha ziada. Alikipandisha kwenye dari la jikoni, kikakaa huko kikiliwa na masizi.

Alipofariki niliendelea kufinyanga cha ziada kwa mazoea tu. Kikitoka kizima nilikipeleka bandani, kuku wanywee maji. Mama akija kwangu alikuwa akikitoa bandani, anakiosha, anakiweka ndani juu ya kabati. Nilidhani ni ule usafi wake uliopitiliza. Nilikuwa namcheka, tena mbele yake.

Sasa hii habari ya mate.

Krismasi iliyopita Dismas alikuja likizo na vipimo vya DNA, vile vya kutema mate kwenye kichupa halafu unasubiri uambiwe asili yako. Mama alikataa katakata. Alisema yeye anajua alikotoka, aliletwa mgongoni. Mimi na Dismas tukatema, tukacheka, yeye akarudi na vichupa Kanada.

Majibu yalitoka Februari. Ramani ina doa la rangi limefunika Burundi, Rwanda na sisi huku Ngara. Dismas alinipigia akilalamika kwamba amesubiri wiki zote hizo kuja kuambiwa kuwa yeye ni wa kwao. Tulicheka tena. Chini ya ramani kulikuwa na orodha ya watu wenye damu moja na wewe, na wa kwanza alikuwa mwanamke anayeitwa Goreti, anaishi Ubelgiji. Ukaribu wake, waliandika, ni wa mtoto wa mama mkubwa au mama mdogo.

Mama ni mtoto wa pekee. Ndivyo tulivyokua tukijua.

Nilimwandikia Goreti, akajibu siku hiyo hiyo. Mama yake anaitwa Domitila. Siku ya kukimbia Domitila alikuwa na miaka kama tisa, mguu umevimba, hawezi kukanyaga. Mama yao alikuwa mfinyanzi. Alimwacha kwa mama yake wa ubatizo, akamwambia atarudi kesho kumchukua, akaondoka na mdogo mgongoni. Domitila anauliza jambo moja tu, Goreti aliandika. Mdogo wake bado ana kovu kidevuni? Domitila alimwangusha siku moja akiwa amembeba.

Mama ana kovu kidevuni. Nimelichezea tangu nikinyonya.

Na hebu sikieni Domitila alikuwa wapi miaka yote hii. Muyinga. Unatoka hapa asubuhi, unavuka mpaka wa Burundi pale Kabanga, mchana unakula Muyinga.

Dismas alisema jambo hili si la simu, na kwa kuwa mimi ndiye niliye karibu, niende nikamwambie Mama ana kwa ana, taratibu, maana ana presha. Nikakubali. Nikasema nitakwenda Jumamosi inayofuata. Kisha nikajiambia ni vizuri nikienda na vyungu, tukae, tufungue zawadi, nimwambie akiwa na furaha. Vyungu vilikuwa vibichi. Masika yakaanza mapema, havikaukii nje wala ndani, na ukichoma chungu kibichi kinakupasukia. Kila mfinyanzi analijua hilo. Nikawa nasema, vikikauka tu.

Pasaka ikapita.

Katikati ya hapo Mama alikuja Biharamulo kliniki ya macho. Alilala kwangu siku mbili. Tulipika, tulichambua dagaa, tulisali pamoja. Nikampandisha basi, akarudi Mbuba bila kujua.

Niseme ukweli, presha ya Mama ilikuwa kisingizio. Nilikuwa namlinda Bibi. Nilimpenda yule mwanamke kuliko ninavyoweza kueleza, na nilitaka abaki vile vile, yule aliyeokoa mtoto. Sikutaka awe yule aliyeacha mtoto. Ndiyo sababu. Ni aibu lakini ndiyo sababu.

Goreti aliendelea kuandika. Mama yake amelazwa. Mama yake anauliza lini. Mama yake angependa hata kusikia sauti tu. Mwishowe nikawa sizifungui jumbe zake.

Jumatano jua lilitoka tangu asubuhi. Nikapanga vyungu, nikavifunika kwa nyasi na majani makavu ya migomba, nikawasha. Vyote sita vilitoka vizima, vyekundu safi, hakuna hata ufa. Wakati nageuza majivu simu ikalia mlio wa ujumbe, nikaona jina la Goreti. Nikairudisha mfukoni. Nikajisemea mikono ina majivu, na Jumamosi si ndiyo hiyo.

Leo basi nimefika. Nimeamkia, nimeitikiwa, nimepewa uji. Mama amevifungua vyungu kimoja kimoja kutoka kwenye majani, na alipofika cha sita akakaa nacho mapajani. Nikaanza kumwambia kuhusu majibu ya yale mate, kwamba kuna mtu amepatikana, kwamba Bibi huenda alikuwa na mtoto mwingine.

"Domitila," alisema, kabla sijalitaja jina. "Mukuru wanje."

Dada yangu mkubwa. Alikuwa anajua miaka yote! Alinieleza bila haraka, huku akipapasa mdomo wa kile chungu. Uso wa Domitila haukumbuki, anaukumbuka mgongo wake aliombebea. Mara njia ya mpakani ilipopitika Bibi alirudi kumtafuta, akakuta nyumba ya mama wa ubatizo ni majivu, akaambiwa hakubaki mtu. Akamkataza Mama kulitaja jina lile ndani ya nyumba, kwa sababu akilisikia mikono yake haifanyi kazi tena siku hiyo. Lakini kila mwaka akihesabu watu wake alimhesabu na yeye.

Chungu cha moto. Na mimi nilikuwa nawanyweshea kuku.

Nikamwambia Mama kwamba yu hai, yuko Muyinga, na ameulizia kovu. Mama akagusa kidevu. Halafu akainuka, mama wa miaka hii yote na magoti yake yale, akaingia ndani, akatoka amejifunga kitenge kipya na amevaa viatu vya kanisani. Akaniambia nipige simu.

Nikatoa simu kutafuta namba ya Goreti. Nikafungua ule ujumbe wa Jumatano, kisha mwingine wa jana.

Domitila alifariki Jumatano alfajiri. Amezikwa jana.

Sijui nilitamka vipi. Najua nilisema, kwa sababu Mama alikaa chini. Hakulia. Alikaa na viatu vyake miguuni akiangalia mvua. Kisha akaniuliza, sauti ya kawaida kabisa.

"Nilipokuja kwako kliniki, ulikuwa umeshajua?"

"Ndiyo, Mama."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia. Ningemshukuru kama angenipiga.

Baadaye amekuja na ungo na maharage, akaviweka mbele yangu pamoja na kile chungu cha sita. Kwetu chungu cha zawadi hakipelekwi kitupu. Jumatatu tutakwenda kwa mtendaji wa kijiji kuchukua barua ya kuvukia mpaka, na kutoka hapo Muyinga, matanga hayajaanuliwa. Amesema nichambue vizuri, Domitila hapendi mawe kwenye maharage. Amerudi chumbani kwake.

Nimechambua mara tatu. Mvua inapungua, na kupitia ukutani namsikia sasa.

Goreti yuko Muyinga, amekuja kuzika. Mama ataingia, watakumbatiana, wataanza kulia wote wawili. Mimi nitakuwa nyuma, mlangoni, na chungu mikononi. Nimelifikiria tangu jioni na sijalipata: nitaanza na neno gani?