Presha ya Mzee Makoye imetulia

Fanueli, leo mjinga nilikuwa mimi. Fomu nimeshaijaza upya na mzee kaondoka na dawa zake, ila aibu kaniachia.

Si unajua hapa zahanati kazi yangu ni kujaza namba za magonjwa kwenye fomu za bima? Asubuhi kaja Mzee Makoye, mfugaji wa Kamsamba, anatibiwa kwa bima ya binti yake mwalimu. Kapimwa presha, iko nzuri kuliko yangu. Basi nikaweka namba ya mtu aliyekuja kupima afya tu.

Restuta wa dirisha la dawa akamrudisha kwangu. "Kwa namba hii bima hailipi vidonge vyake vya presha. Huyu umemwandika mzima."

Mzee kabakiza kidonge kimoja, kaka. Kimoja. Na barabara ya Kamsamba unaijua.

Mimi nikaleta utani. "Mzee, presha imetulia, vidonge vya nini tena? Unawapelekea ng'ombe?"

Benchi zima likacheka. Yeye hakucheka. Akasema daktari alimwambia atavimeza maisha yake yote.

Namba ya mtu wa dawa za muda mrefu ipo, naijua hata usingizini. Lakini nilikuwa nimechoka na foleni, nikabisha. Nilibisha, Fanueli. "Fomu inataka ugonjwa, mzee. Kwako leo siuoni."

Akaegemea fimbo yake, akaniuliza taratibu: "Kijana, ng'ombe wangu wametulia kwa sababu wamo zizini. Sasa kwa kuwa wametulia, nibomoe zizi?"